Chicago na Mameya Wake: Kiti Kinachopimwa kwa Theluji na Takataka

Jina la Chicago si geni masikioni mwetu. Vijana wakilisikia hukumbuka majambazi wa sinema, wenye kofia pana na bunduki chini ya makoti. Wafanyakazi wa siku nyingi hukumbuka Mei Mosi, kwani sikukuu hiyo chimbuko lake ni damu iliyomwagika katika mji huo. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kujiuliza ni watu gani walioukalia uongozi wa mji ule, walifikaje kwenye kiti cha Umeya, na walipokwisha kukikalia walimtendea nini mtu anayeamka alfajiri kwenda kibaruani.

Makala haya yatamtembeza msomaji katika mitaa ya Chicago, kuanzia ukingo wa mto hadi makaburini. Katika kila kituo atamkuta Meya mmoja au wawili, wengine wakiwa na sifa, wengine wakiwa na deni ambalo historia bado inawadai.

MJI JUU YA TOPE

Chicago umejengwa kwenye ufuko wa kusini-magharibi wa Ziwa Michigan, mahali ambapo mto mdogo hukutana na ziwa. Hapo leo kuna daraja kubwa lenye jina la Jean Baptiste Point du Sable. Bwana huyu alikuwa mtu mweusi, mfanyabiashara, na mkewe alikuwa Mpotawatomi, yaani mmoja wa wenyeji wa asili wa nchi ile. Katika miaka ya 1780 alijenga nyumba, zizi na ghala karibu na mdomo wa mto, na ndiye anayehesabiwa kuwa mgeni wa kwanza kuweka makao ya kudumu mahali hapo. Mwaka 1800 aliuza mali yake akaondoka. Wapotawatomi nao walitakiwa kuihama nchi yao kwa mkataba wa mwaka 1833. Basi mji ulianza kwa kuwapoteza wale waliokuwapo kabla yake.

Tarehe 4 Machi, 1837, Chicago ulitangazwa kuwa jiji, wakati huo ukiwa na watu wapatao 4,000 tu. Meya wake wa kwanza alikuwa William Butler Ogden, mzaliwa wa jimbo la New York, ambaye alikuwa amekuja kusimamia na kuuza viwanja vya jamaa zake. Alikuta kinamasi kinachozamisha miguu. Hata hivyo alitambua upesi kwamba ardhi ile ikiunganishwa na mashamba ya ngano ya magharibi, itageuka dhahabu. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa reli ya kwanza ya mji huo, iliyoanza kazi mwaka 1848. Ogden alikuwa Meya mwenye bidii, lakini pia alikuwa mwuza viwanja. Kila barabara iliyonyooshwa iliupandisha mji bei, na iliupandisha bei mfuko wake. Swali la nani hasa hunufaika mji unapokua lilizaliwa siku moja na kiti chenyewe.

Siku hizo Meya alichaguliwa kwa mwaka mmoja tu. Mwaka 1863 kipindi kikaongezwa kuwa miaka miwili, na tangu mwaka 1907 kikawa miaka minne. Jambo la kukumbuka ni kwamba kisheria Meya wa Chicago hakupewa madaraka makubwa sana. Nguvu nyingi ziliwekwa mikononi mwa Baraza la Madiwani. Waliopata kuwa wababe katika kiti hicho walizitoa nguvu zao kwingine, kama tutakavyoona.

Adui wa kwanza wa mji alikuwa maji machafu. Ardhi ilikuwa tambarare mno hata uchafu haukuweza kutiririka, na kipindupindu kilirudi mara kwa mara. Kuanzia miaka ya 1850 wakuu wa mji waliamua kujenga mifereji ya maji machafu juu ya barabara zilizokuwapo, kisha wakapandisha barabara na majumba yote kuifuata. Majengo ya matofali yalinyanyuliwa kwa jeki za kuzungushwa na mikono ya mamia ya vibarua, na hoteli ziliinuliwa huku wageni wakiendelea kula na kulala ndani. Lakini uchafu wote bado uliingia mtoni, mto ukaingia ziwani, na ziwa ndilo lililokuwa kisima cha mji. Hatimaye, mwaka 1900, ulifunguliwa mfereji wenye urefu wa kilomita zipatazo 45, na mto wa Chicago ukageuzwa mwendo: badala ya kuingia ziwani ukatoka ziwani, ukielekea upande wa mto Mississippi. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

BIA, MOTO NA NYUMBA ZA MBAO

Mji ulikuzwa na wageni kutoka Ujerumani na Ireland, ambao baada ya kazi za wiki nzima walipenda kukaa vilabuni siku ya Jumapili na kunywa bia. Mwaka 1855 alichaguliwa Meya Levi Boone, mtu wa chama kilichowachukia wageni. Alipandisha leseni ya kuuza pombe kutoka dola 50 hadi dola 300 kwa mwaka, na akaamuru vilabu vifungwe Jumapili. Wenye vilabu wapatao mia mbili walikamatwa. Tarehe 21 Aprili Wajerumani waliandamana kuelekea mahakamani. Madaraja yakafunguliwa ili kuwazuia, risasi zikalia na mtu akafa. Mwaka uliofuata watu wale wale waliodhaniwa wanyonge walijipanga kwenye foleni za kura, na chama cha Boone kikapoteza mamlaka ya mji.

Msomaji akitembea kaskazini katika barabara ya Michigan ataona mnara wa mawe meupe, kama ngome ndogo iliyosahauliwa kati ya maghorofa. Ni mnara wa maji uliojengwa mwaka 1869, mmojawapo wa majengo machache ya sehemu hiyo yaliyosalimika katika moto mkuu. Moto huo uliwaka tangu usiku wa tarehe 8 hadi tarehe 10 Oktoba, 1871. Watu wapatao 300 walikufa, na wengine 100,000 walibaki bila makao. Meya Roswell Mason, mhandisi wa reli kwa taaluma, aliomba msaada miji mingine na kuukabidhi ulinzi wa mji kwa jeshi.

Mwezi uliofuata alichaguliwa Joseph Medill, mwenye gazeti la Chicago Tribune, kwa ahadi ya kujenga mji usioungua. Alitaka nyumba za mbao zipigwe marufuku. Ahadi ilikuwa njema, lakini mfanyakazi wa Kijerumani wa upande wa kaskazini, aliyekuwa na kiwanja na hana akiba, angelipia matofali kwa fedha gani? Januari 1872 maelfu waliandamana hadi Ukumbi wa Jiji kupinga sheria hiyo. Walisema kwamba kumzuia maskini asijenge kwa mbao ni kumzuia asijenge kabisa. Baraza lililegeza kamba, na sheria iliyopita ikaacha sehemu kubwa za pembezoni zijengwe kwa mbao. Medill alichoshwa na kiti, na mwaka 1873 akaenda zake Ulaya kabla ya kumaliza muda wake.

USIKU WA HAYMARKET

Magharibi ya katikati ya mji, katika mtaa wa Desplaines, kuna sanamu ya shaba inayoonyesha watu juu ya mkokoteni, mmoja wao akihutubia. Iliwekwa mwaka 2004 mahali ulipofanyika mkutano wa Haymarket. Hapa kila mfanyakazi anayepumzika siku ya Mei Mosi angestahili kusimama kidogo.

Tarehe 1 Mei, 1886, wafanyakazi wa Marekani waligoma wakidai kazi ya saa nane kwa siku. Tarehe 3 Mei polisi wa Chicago waliwafyatulia risasi wagomaji karibu na kiwanda cha McCormick, na watu wakafa. Kesho yake jioni uliitishwa mkutano wa kulalamika. Meya wakati huo alikuwa Carter Harrison, mtu mwenye ndevu nyingi, aliyependa kupita mitaani juu ya farasi wake na kuzungumza na kila taifa la wageni. Alihudhuria mkutano ule mwenyewe. Alikuwa akiwasha kiberiti mara kwa mara, kana kwamba sigara yake imezimika, ili watu waione sura yake na wajue kwamba Meya yupo. Alipoona hotuba ni za amani, alikwenda kwenye kituo cha polisi kilichokuwa karibu, akamweleza mkuu wao kwamba hakuna haja ya kuingilia, kisha akaenda nyumbani kulala.

Baada ya Meya kuondoka, na mvua ikiwa imewatawanya wengi, polisi wapatao 180 walitoka kituoni kuja kuuvunja mkutano. Bomu likarushwa. Ikafuata milio ya bunduki. Polisi saba walipoteza maisha, pamoja na raia wasiopungua wanne. Mrusha bomu hakujulikana kamwe. Hata hivyo watu wanane walitiwa hatiani kwa sababu ya itikadi zao na maneno yao. Harrison alipanda kizimbani na kutoa ushahidi kwamba mkutano ulikuwa wa amani, lakini haikusaidia. Wanne walinyongwa tarehe 11 Novemba, 1887, na mmoja alijiua gerezani. Watatu waliobaki walisamehewa mwaka 1893 na Gavana John Peter Altgeld, aliyetamka wazi kwamba kesi haikuwa ya haki. Mwaka 1889 mkutano wa wajamaa wa nchi mbalimbali uliofanyika Paris uliitenga tarehe 1 Mei kuwa siku ya wafanyakazi duniani, na ndivyo ilivyotufikia na sisi.

Harrison mwenyewe alikufa kifo cha ghafla. Alirudi katika Umeya mwaka 1893, mwaka wa Maonyesho makubwa ya Dunia yaliyofanyika Chicago. Tarehe 28 Oktoba, siku mbili kabla ya Maonyesho kufungwa, kijana mmoja aliyejiaminisha kwamba aliahidiwa cheo alibisha hodi nyumbani kwake na kumpiga risasi. Sherehe za kufunga zikageuka matanga. Mwanawe, aliyeitwa Carter Harrison vilevile, alichaguliwa mwaka 1897, na baba na mwana kila mmoja alishinda uchaguzi wa Umeya mara tano.

JAMBAZI NA MCHUKUZI

Tukienda ufukoni kwa ziwa, kwenye mtaa wa 29, tunafika mahali pa msiba mwingine. Tarehe 27 Julai, 1919, kijana mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alikuwa akiogelea, na maji yakampeleka kwenye sehemu ambayo Wazungu walijitengea wenyewe ingawa hapakuwa na sheria iliyosema hivyo. Alirushiwa mawe akazama akafa. Polisi aliyekuwapo alikataa kumkamata mtuhumiwa. Kwa muda wa wiki moja mji ukawaka: watu 38 waliuawa, 23 kati yao wakiwa weusi, na zaidi ya 500 walijeruhiwa.

Meya alikuwa William Hale Thompson, maarufu kwa jina la Big Bill. Kura za watu weusi zilikuwa zimemsaidia sana kupata kiti mwaka 1915, lakini siku zile za mauaji alichelewa kuomba askari wa jimbo hadi tarehe 30 Julai. Thompson alikuwa hodari wa maneno na vituko. Mwaka 1927 alifanya kampeni akitishia kumpiga ngumi ya pua Mfalme wa Uingereza, kana kwamba Mfalme ndiye aliyekuwa akiziba mifereji ya Chicago. Wakati wake Al Capone na wenzake waliuza pombe ya magendo huku serikali ya mji ikigeuza uso pembeni. Alipofariki mwaka 1944, zilikutwa zaidi ya dola milioni moja za fedha taslimu katika masanduku aliyoyahifadhi benki.

Aliyemwangusha, mwaka 1931, alikuwa Anton Cermak, mzaliwa wa Bohemia katika nchi ya Wacheki, aliyeletwa Marekani akiwa mtoto mchanga. Alifanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe, kisha akauza kuni kwa mkokoteni. Thompson alimdhihaki kwa mkokoteni huo na kwa jina lake la kigeni. Cermak alijibu kwamba ni kweli watu wake hawakufika na merikebu ya kwanza, lakini walikuja mara tu walipoweza. Mji wenye wageni wengi ulimwelewa. Aliwakusanya Wacheki, Wapoland, Wayahudi, Wajerumani na Waairishi chini ya chama kimoja cha Democratic, na tangu ushindi wake hadi uchaguzi wa mwaka 2023 hakuna mtu wa chama cha Republican aliyekishika tena kiti hicho. Lakini hakukifaidi. Tarehe 15 Februari, 1933, akiwa Miami karibu na Rais mteule Franklin Roosevelt, alipigwa risasi na mtu aliyemkusudia Roosevelt, akafariki tarehe 6 Machi.

MZEE WA BRIDGEPORT

Bridgeport ni mtaa wa wafanyakazi ulio kusini, jirani na yalipokuwa machinjio makubwa ya ng'ombe na nguruwe yaliyoanza mwaka 1865 na kufungwa mwaka 1971. Humo alizaliwa mwaka 1902 Richard J. Daley, mtoto pekee wa fundi wa mabati. Alifanya kazi machinjioni, akasomea sheria usiku, akapanda ngazi za chama moja baada ya nyingine. Alichaguliwa Meya mwaka 1955, na hakutoka humo hadi kifo kilipomtoa tarehe 20 Desemba, 1976. Miaka yote hiyo aliendelea kuishi katika nyumba ile ile ya matofali, ya kawaida, katika mtaa wake wa kuzaliwa.

Siri ya nguvu zake ni kwamba alishika vyeo viwili: alikuwa Meya, na alikuwa mwenyekiti wa chama katika wilaya ya Cook. Inakadiriwa kwamba chama kilikuwa na zaidi ya ajira 30,000 za kugawa. Kila mtaa ulikuwa na mjumbe wa chama aliyejua nani anaumwa, nani hana kazi na nani taa ya mbele ya nyumba yake imezimika. Mjumbe alikusaidia, nawe siku ya kura ukamkumbuka. Asiyeleta kura alipoteza kazi yake ya kufagia, kuendesha lori au kukaa ofisini. Watu waliuita utaratibu huo "Mashine", na jina liliufaa.

Hatuna budi kusema pande zote mbili. Chini ya Daley takataka ziliondolewa, barabara zilijengwa, uwanja wa ndege wa O'Hare ukawa miongoni mwa viwanja vyenye safari nyingi kupita vyote duniani, na katikati ya mji pakaota maghorofa wakati miji mingine ya viwanda ikinyauka. Lakini watu weusi, ambao maelfu kwa maelfu walitoka kusini mwa Marekani kutafuta kazi, walibanwa katika mitaa yao. Kati ya nyumba za umma zilizojengwa ni zile zilizoitwa Robert Taylor: majumba 28 ya ghorofa 16, yamepangwa mstari mmoja kando ya barabara kuu, yakiwatenga wakazi wake na mji uliobaki. Yalikamilika mwaka 1962, na hadi kufika mwaka 2007 yalikuwa yote yamebomolewa.

Mwaka 1966 Martin Luther King alihamia Chicago kudai nyumba bora. Tarehe 5 Agosti, akiandamana katika mtaa wa Wazungu, alipigwa jiwe la kichwa. Mwaka 1968, baada ya King kuuawa Memphis na mitaa ya magharibi kuchomwa, Daley alitamka hadharani kwamba polisi walipaswa kuwapiga risasi na kuwaua wachoma moto. Agosti ya mwaka huo huo, wakati wa mkutano mkuu wa chama chake, dunia nzima iliona katika televisheni polisi wake wakiwapiga virungu vijana waliopinga vita vya Vietnam.

THELUJI INAPOPIGA KURA

Aliyemrithi Daley alikuwa Michael Bilandic, mtu mpole wa Bridgeport vilevile. Januari 1979 ilianguka theluji ya karibu nusu mita katika siku mbili, juu ya nyingine iliyokuwa haijaondolewa. Magari yalizikwa, takataka zikarundikana, ndege zikakwama. Meya aliwaambia wananchi wahamishie magari yao katika viwanja vya shule, akisema vimekwisha safishwa; walipofika walikuta theluji imejaa vile vile. Jambo lililouma zaidi ni kwamba garimoshi la mjini, lile linalopita juu ya nguzo za chuma, liliamriwa kuruka vituo kadhaa ili liwahi, na vituo vilivyorukwa vilikuwa katika mitaa ya watu weusi. Mfanyakazi alisimama kwenye baridi kali akaliona garimoshi likimpita.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mwezi uliofuata, katika uchaguzi wa mchujo ndani ya chama, watu hao waliorukwa walikwenda kupiga kura, na Bilandic akaangushwa na mama mmoja aliyemfukuza kazi mwaka 1977, Bi. Jane Byrne. Akawa mwanamke wa kwanza kuwa Meya wa Chicago. Mashine iliyokuwa imeshinda kila uchaguzi ikashindwa na theluji.

MIAKA MIWILI YA MIA

Lakini Byrne naye alipokwisha kuingia madarakani alifanya urafiki na wakubwa wale wale aliowalaumu, na watu weusi wakaona wamesahauliwa tena. Zaidi ya wapiga kura wapya 100,000 waliandikishwa. Wakamwendea Harold Washington, mbunge katika Bunge la Marekani, mwanasheria mwenye sauti nzito na kicheko kikubwa, wakamtaka agombee.

Katika mchujo wa Februari 1983, Byrne na kijana wa Daley, Richard M. Daley, waligawana kura za Wazungu, na Washington akapita katikati. Ndipo yalipotokea mambo ya aibu. Wana-Democratic wengi wa Kizungu waliona heri wampigie kura Bernard Epton wa chama cha Republican, ambacho kwa miaka zaidi ya hamsini hakikuwa kitu mjini humo. Siku ya Jumapili ya Matawi, Washington alipokwenda kusali katika kanisa moja la upande wa kaskazini-magharibi, alizomewa hata akalazimika kuondoka. Tarehe 12 Aprili alishinda kwa tofauti ya kura zipatazo 48,000. Mtu mweusi ndiye aliyejenga makao ya kwanza pale mtoni. Ilichukua karibu miaka 200 mtu mweusi mwingine kukaa katika kiti cha mji huo.

Ushindi haukuleta raha. Kati ya madiwani 50, madiwani 29, karibu wote Wazungu, walijifunga pamoja kumpinga, nao waliomuunga mkono walikuwa 21. Wale 29 walikataa watu aliowateua na kubadili bajeti zake. Yeye naye alizikataa sheria zao, kwani hawakuwa na theluthi mbili za kumshinda. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Kwa miaka mitatu mji ulikwenda kwa kuchechemea, mpaka mahakama ilipoamuru mipaka ya kata irekebishwe kwa kuwa iliwapunja watu weusi na Walatino. Chaguzi za mwaka 1986 zikaleta sare ya 25 kwa 25, na Meya akawa na kura ya kuamua.

Alifanya nini? Alifungua mafaili ya Ukumbi wa Jiji yasomwe na wananchi. Aliukubali uamuzi wa mahakama uliokataza kazi za mji kutolewa kwa kujuana kichama. Alipeleka fedha za barabara na mifereji katika kata zote, pamoja na zile zilizomzomea. Alirudishwa mwaka 1987. Tarehe 25 Novemba mwaka huo, akiwa kazini mezani pake akizungumza na msaidizi wake, moyo ulisimama. Alikuwa na umri wa miaka 65. Maelfu ya watu walipanga foleni kuuaga mwili wake uliowekwa ndani ya Ukumbi wa Jiji. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Desemba madiwani walibishana hadi saa kumi alfajiri, huku umati ukipiga kelele nje, ndipo wakamchagua Eugene Sawyer, naye mtu mweusi, lakini kwa kura nyingi za wale waliokuwa wakimpinga marehemu.

Msomaji wa Afrika Mashariki atapenda kujua kwamba mwaka 1985, Washington akiwa Meya, alifika Chicago kijana aliyeitwa Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, kufanya kazi ya kuwaunganisha wakazi wa mitaa ya kusini. Yaliyofuata dunia nzima inayajua.

MTOTO WA MZEE NA WALIOFUATA

Mwaka 1989 Richard M. Daley alichaguliwa, akakaa miaka 22, akampita baba yake kwa muda. Alipanda miti na kupendezesha mji. Bustani ya Millennium iliyofunguliwa mwaka 2004, miaka minne baada ya wakati wake, huvutia wageni wengi mno. Lakini mwishoni mwa mwaka 2008 serikali yake ilizikodisha mashine za kulipia maegesho ya magari kwa kampuni za watu binafsi, kwa miaka 75, kwa dola bilioni 1.15. Mkaguzi wa mji alieleza mwaka uliofuata kwamba mji ulipunjika karibu dola bilioni moja. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilitumika katika miaka michache. Mkataba utafika ukingoni mwaka 2083, wajukuu wakiwa bado wanalipa.

Alifuatwa mwaka 2011 na Rahm Emanuel, ambaye mwaka 2013 shule zipatazo 50 zilifungwa, nyingi zikiwa za mitaa ya watu weusi. Mwaka 2019 Bi. Lori Lightfoot alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa, akishinda katika kata zote 50. Miaka minne baadaye alishindwa katika duru ya kwanza. Mwaka 2023 alichaguliwa Brandon Johnson, aliyekuwa mwalimu na mwajiriwa wa chama cha walimu. Kutoka mwuza viwanja hadi mwalimu ni safari ya miaka 186.

KITUO CHA MWISHO

Upande wa kusini wa mji kuna makaburi ya Oak Woods. Humo amezikwa Harold Washington, na Eugene Sawyer, na Ida B. Wells, mama aliyepigana kwa kalamu dhidi ya kunyongwa kwa watu weusi. Na humo humo, katika udongo ule ule, amelazwa Big Bill Thompson. Mpanda ngazi hushuka, na wote walishuka wakafika mahali pamoja.

Katika historia hii yote, wananchi wa Chicago walistahimili majivuno, vituko na hata wizi wa wakubwa wao. Ambacho hawakusamehe ni kupitwa: garimoshi lilipowapita kituoni, lori la takataka lilipoupita mtaa wao, jina lao lilipopitwa katika orodha ya kazi. Majira ya baridi yakifika, theluji huanguka Bridgeport na mitaa ya kusini bila kubagua. Ubaguzi, ukiwapo, huonekana kesho yake asubuhi, katika saa ambayo gari la kuisukuma linafika mlangoni pa kila mtu. Hapo ndipo Meya yeyote hupimwa, hata kama mji wake hauna theluji.